Kuboresha laptopu ya gemu ukiwa Arusha au Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye laptopu za gemu walioko Arusha, Moshi na maeneo ya jirani, hasa zile za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya, Dubai na Marekani zikiwa tayari zimetumika miaka kadhaa. Maswali yamewekwa jinsi yanavyoulizwa, si kwa umuhimu. Kama una haraka, soma la kwanza na la mwisho kabla hujatoa pesa.

Laptopu yangu inakwamakwama kwenye gemu. Ninunue RAM, ninunue SSD, au nipige Windows upya?

Usinunue kitu bado. Fungua gemu unayoicheza zaidi, cheza robo saa hivi, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc na uingie Performance kwenye Task Manager. Ukikuta Memory imepita asilimia 90, shida ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Ukikuta Disk iko asilimia 100 muda wote na mashine bado inatumia diski ya kuzunguka, shida ni hiyo diski, na dawa ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka. Ukikuta GPU iko 97 au 99 huku vingine vimetulia, kadi ya grafiki imefika mwisho wa uwezo wake, na hata uweke RAM ya GB 64 hutaona tofauti ya maana.

Hali ya nne ndiyo husahaulika: gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inaanza kulagi, na feni zinapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hilo ni joto, na dawa yake ni ya bei ndogo kuliko zote. Watu wengi wanaolalamika kwamba wametupa pesa kwenye laptopu walinunua kipuri kwanza, wakapima baadaye.

Nitajuaje mashine yangu inakubali kitu gani?

Jina la dukani halitoshi. "Nitro 5" au "Legion 5" ni familia yenye mashine nyingi tofauti ndani yake. Geuza laptopu, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha chini, kwa mfano AN515-55, kisha tafuta kitabu cha mafundi cha modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama kibandiko kimefutika, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Modeli, prosesa na toleo la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) vitaonekana hapo.

Task Manager, upande wa Memory, itakuonyesha pia sloti ngapi za RAM zimetumika kati ya ngapi. Usiiamini asilimia mia: kwenye baadhi ya mashine huhesabu pia RAM iliyochomelewa kwenye ubao. Kufungua kifuniko na kutazama kwa macho ndiyo hakika.

Naweza kubadilisha kadi ya grafiki niweke RTX?

Hapana. Kwenye karibu laptopu zote za gemu unazozikuta mjini, chipu ya grafiki imechomelewa kwenye ubao mama. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Intel waliacha soketi kwenye laptopu za aina hii baada ya kizazi cha nne. Anayekuambia atakubadilishia GTX 1650 akuwekee RTX 3060 ndani ya kasha lile lile, labda anataka kukuuzia ubao mama mzima, na hapo bora ununue mashine nyingine. Kuna kadi za nje zinazounganishwa kwa Thunderbolt, lakini ukijumlisha kasha, pawasaplai na kadi yenyewe, hesabu haikai.

Ndiyo maana unaponunua mtumba, angalia GPU kabla ya kitu kingine chochote. RAM na diski utavibadilisha mwenyewe baadaye. Grafiki uliyoinunua ndiyo utakayozeeka nayo. Uliza pia ina VRAM (kumbukumbu ya kadi ya grafiki yenyewe) kiasi gani. GTX 1050 Ti, GTX 1650 na RTX 3050 nyingi za laptopu zina GB 4, na gemu za miaka hii hujaza hizo haraka ukiweka ubora wa picha juu.

RAM ya kutosha ni GB ngapi?

Kwa gemu za sasa, 16. Nane zinaendesha Counter-Strike 2 (CS2), Dota 2 na gemu nyingi za zamani, ila ukifungua kivinjari na Discord pembeni utaona mashine inahema. Thelathini na mbili ni kwa anayehariri video au anayecheza gemu zenye modi nyingi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki.

Muhimu kama kiasi ni mpangilio. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, wakati kipande kimoja cha 16 hutumia njia moja tu. Kwenye gemu zinazotegemea prosesa, na zaidi kwenye mashine zenye grafiki ya ndani ya AMD, tofauti hiyo unaiona kwa macho. Basi kama laptopu ina kipande kimoja cha 8 na sloti moja tupu, ongeza kingine cha 8 badala ya kutupa kilichopo.

Aina isikupite. DDR3L, DDR4 na DDR5 haziingiliani; hata pengo la katikati ya kipande limewekwa mahali tofauti, kwa hiyo ikikataa kuingia usilazimishe. Laptopu za Intel kizazi cha 8 mpaka cha 10 na Ryzen za 3000 mpaka 5000 kwa kawaida ni DDR4. Kuanzia Intel kizazi cha 12 unaweza kukuta DDR4 au DDR5, ni lazima uhakikishe. Na mwambie muuzaji unataka ya laptopu, yaani SO-DIMM, maana ile ndefu ya kompyuta ya mezani haiingii popote humo.

Kuhusu bei: tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Si muuzaji wako wa Arusha peke yake anayekubana. DDR4 iliyotumika, kama imetoka kwenye mashine nzima, ni chaguo la haki kabisa. RAM huharibika mara chache. Ijaribu kwa MemTest86 usiku mzima kabla ya kuridhika.

Naweza kuchanganya RAM za kampuni tofauti?

Ndiyo, mradi aina ni moja. Zikitofautiana kasi, tuseme 2666 na 3200, zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya chini. Mara chache mashine hukataa kuwaka na mchanganyiko fulani, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kwamba unaweza kurudisha.

Baadhi ya laptopu RAM haziongezeki kabisa?

Ndiyo. Nyembamba ndizo zenye tabia hiyo. Zephyrus G14 za mwanzo zina RAM nusu iliyochomelewa na sloti moja tu; ya 2024 imechomelewa yote. Nitro 5, Legion 5 na TUF A15 nyingi zina sloti mbili za wazi, na hii ni sababu mojawapo mafundi wanazipenda.

SSD ninunue ipi? Nimeambiwa kuna SATA, M.2 na NVMe, nimechanganyikiwa.

Mkanganyiko unatokana na kuita vitu viwili kwa pumzi moja. M.2 ni umbo: kile kijiti chembamba kama kipande cha chingamu. SATA na NVMe ni njia ambayo data inapita. Kijiti cha M.2 kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe, na sloti ya mashine yako inaweza kukubali kimoja, kingine, au vyote. Ukiweka NVMe kwenye sloti ya SATA peke yake, itaingia vizuri, skrubu itakaza, na BIOS haitaiona. Ndipo watu husema wameuziwa mbovu.

Urefu nao una jina. 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na ndiyo inayotumika kwenye laptopu nyingi za gemu. Baadhi ya mashine zina nafasi ya 2242 tu kwenye sloti ya pili. Pima kabla ya kwenda dukani.

Kasi sasa. Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma karibu MB 100 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri. SSD ya SATA hufika 550 hivi, NVMe ya PCIe 3.0 hufika 3,500, na ya 4.0 hufika 7,000. Namba hizi zinapendeza kwenye tangazo, lakini hatua kubwa ni ya kwanza: kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwenye gemu nyingi, ni tofauti ya sekunde chache za kusubiri ramani ifunguke. SSD pia haiongezi fremu. Inaondoa mikwamo ya wakati gemu inapakia vitu. Kama pesa ni ya kubana, TB 1 ya kasi ya kawaida inakufaa kuliko GB 256 ya kasi ya ajabu. Red Dead Redemption 2 peke yake inataka GB 150.

Jambo moja la mitumba: mashine nyingi zina nafasi ya diski ya inchi 2.5, lakini utepe wa waya na fremu yake havipo, vilipotelea njiani. Skrubu ya M.2 nayo hivyo hivyo. Fungua kifuniko uone kabla hujanunua diski ya kuweka hapo.

Nimeona SSD ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Ni feki?

Mara nyingi ndiyo. Feki za aina hii huandika TB 2 kwenye Windows lakini ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu; ikijaa, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani. CrystalDiskInfo itakuonyesha jina halisi, saa ilizotumika na afya yake, ingawa feki nzuri nayo hudanganya hapo. Kipimo cha kweli ni H2testw: inaijaza diski yote kisha inasoma tena. Inachukua muda, ila ukiwa na risiti ya EFD na muuzaji aliyekubali kukurudishia, una pa kushika.

Ninunue Arusha, niagize Dar, au nivuke Namanga?

Kwa RAM na SSD za kawaida, anza mjini. Ukiwa Arusha au Moshi, faida kubwa ya duka la karibu ni kwamba unakwenda na laptopu, kipuri kinafungwa mbele yako, mashine inawaka, ndipo unalipa. Hiyo ina thamani kuliko elfu chache utakazookoa.

Kariakoo kuna uchaguzi mpana na bei huwa chini, na mzigo ukipakiwa kwenye basi unaupokea stendi kesho yake. Mtumie muuzaji picha ya kibandiko cha kipande ulicho nacho, badala ya maelezo ya mdomo. Omba picha ya kipuri chenyewe kikiwa mkononi mwake, na namba yake ya utambulisho isomeke. Pesa ukishatuma kwa simu kwa mtu usiyemjua, kuirudisha ni kazi.

Nairobi ina maduka mengi ya vipuri vya laptopu, na Namanga iko kilomita 110 hivi kutoka Arusha, kwa hiyo kishawishi kipo. Kwa kipande kimoja cha RAM sioni sababu. Kwa kitu kisichopatikana huku, tuseme feni au skrini ya modeli fulani, sawa, lakini tangaza mzigo mpakani na ujue kwamba kipuri kikikataa, warantii iko upande wa pili.

Naweza kufungua mwenyewe bila fundi?

RAM na SSD, ndiyo. Utahitaji bisibisi ndogo ya Phillips, kadi ya plastiki ya kupenyeza pembeni, na subira. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kitu cha kwanza kabisa chomoa waya wa betri kwenye ubao. Shika chuma ili kutoa umeme tuli, hasa kwenye miezi ya ukavu na kama chumba kina zulia. Skrubu huwa za urefu tofauti. Zipange kwenye karatasi kama zilivyokaa, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa upande wa kibodi.

Kubadilisha pesti ya prosesa (krimu inayopitisha joto kwenda kwenye kipozeo) ni hatua nyingine, soma swali linalofuata.

Laptopu inachemka mno. Ni hali ya hewa au ni mashine?

Ni vumbi. Vumbi la Arusha ni la udongo wa volkano wa Meru, laini, linapenya kila mahali, na anayekaa mtaa usio na lami anajua linavyoonekana mezani ifikapo Septemba. Ndani ya laptopu hutengeneza blanketi kati ya feni na mapezi ya kipozeo, na hewa haipiti tena. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo na inabeba joto kidogo pungufu, lakini ubaridi wa mji unafidia. Moshi iko chini zaidi, na Januari hadi Machi chumba chenyewe tayari ni moto; huko usafi wa mara mbili kwa mwaka si anasa.

Unapopuliza, zuia feni kwa kidole au kijiti. Ikizungushwa kwa nguvu na blowa huharibu beringi zake. Usitumie blowa ya gereji yenye maji na mafuta kwenye mpira wake.

Pesti ya kiwandani hukauka baada ya miaka kadhaa. Ukiona mashine imesafishwa na bado prosesa inapanda kupita nyuzi 95 dakika chache tu baada ya gemu kuanza, ni wakati wa kuibadilisha. Hapa mwachie fundi anayejua, na muulize maswali mawili. Je, ataweka pedi za chipu za kumbukumbu zenye unene ule ule? Pedi nene kupita kiasi huinua kipozeo kikaacha kugusa prosesa. Na je, anajua kama mashine yako ina metali ya kimiminika? Baadhi ya ROG na Legion zinayo, inapitisha umeme, na tone moja likidondoka kwenye ubao ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Usiiweke laptopu juu ya kitanda. Hili haliulizwi, lakini linahitaji kusemwa.

Bado natumia Windows 10. Nihame?

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo na gemu bado zinacheza, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi. Microsoft wana mpango wa kuongeza muda kwa watumiaji wa nyumbani unaofika 13 Oktoba 2026. Kama uko toleo la 22H2, utaukuta kwenye Settings, sehemu ya Windows Update. Kama mashine inakidhi masharti ya Windows 11, hama, na leseni yako halali ya 10 inakubalika bila malipo.

Masharti ya Windows 11 ni yapi hasa?

Prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen zilizomo kwenye orodha ya Microsoft, kwa mfano Ryzen 5 3550H na 4600H. TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya mashine), UEFI (BIOS ya kisasa) yenye uwezo wa Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), RAM GB 4, diski GB 64. Kwa laptopu ya gemu, vinavyokwamisha huwa ni prosesa na TPM.

TPM mara nyingi ipo ila imezimwa. Andika tpm.msc uone. Kama haipo, ingia BIOS: F2 kwa Acer, Lenovo, Dell na Asus, F10 kwa HP, Delete kwa MSI. Tafuta jina PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, uiwashe. Secure Boot itakataa kama diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Windows ina amri ya mbr2gpt inayobadilisha bila kufuta data, lakini nakala ya akiba weka kwanza. Wachezaji wa Valorant hili haliepukiki: kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot vyote viwe vimewashwa.

Mashine yangu ni i7-7700HQ. Fundi anasema atanipigia Windows 11 hivyo hivyo.

Inawezekana. Programu ya Rufus inatengeneza flashi inayoruka ukaguzi, na prosesa hiyo inaendesha Windows 11 bila shida ya kasi. Unachokikosa ni uhakika: Microsoft hawakuahidi kukupa masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka huenda ukalazimika kulipiga kwa mkono tena. Kwa mashine ya gemu tu, isiyo na kazi za ofisi wala siri za benki, ningekubali. Kwa mashine ambayo ndiyo hiyo hiyo unaifanyia biashara, ningetumia ule muda wa nyongeza wa Windows 10 kukusanya pesa ya mashine mpya zaidi.

Nikibadilisha SSD, nitapoteza leseni ya Windows?

Hapana. Leseni ya kidijitali imefungwa kwenye ubao mama, wala haikai kwenye diski. Laptopu zilizokuja na Windows halali tangu enzi za Windows 8 huwa na ufunguo wake ndani ya BIOS. Wakati wa kupiga, chagua kwamba huna ufunguo, chagua toleo lile lile, Home au Pro, na ukiunganisha intaneti itajiamilisha yenyewe.

Kwa hiyo kataa flashi ya fundi yenye programu ya kuvunja leseni. Huihitaji, na programu za namna hiyo ndizo zinazobeba virusi vya kuiba akaunti. Akaunti ya Steam yenye gemu za miaka mitano ikienda, hakuna wa kumlaumu. Pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, weka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, mpe fundi hiyo.

Napiga Windows, inaniambia haioni diski yoyote. SSD ni mbovu?

Pengine ni nzima. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hutumia mpangilio uitwao VMD, na kisakinishi cha Windows hakina draiva yake, yaani programu ya kukitambulisha kifaa kwa Windows. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka ukurasa wa modeli yako, ifungue kwenye folda ndani ya flashi, kisha kwenye hatua ya kuchagua diski bonyeza Load driver. Diski itajitokeza. Wengine huzima VMD ndani ya BIOS. Nayo inafanya kazi, ila ukiizima kwenye mashine ambayo tayari ina Windows, haitawaka mpaka uirudishe.

Mashine imeniomba ufunguo wa tarakimu 48 baada ya kusasisha BIOS!

Hiyo ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski kwa ufunguo. Ufunguo upo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza, kwenye account.microsoft.com upande wa vifaa. Kama laptopu ni ya mtumba na akaunti ni ya mwenye nayo wa kwanza, data hiyo imekwenda. Simamisha BitLocker kabla ya kugusa BIOS, TPM au kubadilisha vipuri.

Draiva za grafiki nichukue wapi?

Kwenye tovuti ya NVIDIA au AMD, si kwenye programu zinazojiita wasasishaji wa draiva. Wenye GTX 900 na za mfululizo wa 1000 wajue kwamba NVIDIA walimaliza draiva za gemu mpya kwa kadi hizo Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama mpaka Oktoba 2028. GTX 1650 haimo kwenye kundi hilo.

Bando langu litaisha. Nafanyaje?

Windows 11 yenyewe ni kati ya GB 5 na 7, masasisho ya siku ya kwanza yanaongeza, kisha gemu zinafuata. Weka mtandao wako kuwa wa kupimwa (metered) kwenye Settings ili Windows isijipakulie mambo ovyo. Panga Steam ipakue usiku kama bando lako la usiku ni nafuu.

Dawa kubwa zaidi wengi hawaijui: tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani, bila kugusa intaneti ila kidogo tu. Chalii wa jirani akishapakua GB 100, wewe nenda na laptopu yako, muunganishe kwenye ruta moja, gemu inahama. Kila mmoja lazima awe anaimiliki, bila shaka. Na kabla ya kuformati, hamisha folda ya steamapps kwenye diski ya nje. Utairudisha baadaye bila kupakua upya.

Vipi Linux? Nasikia gemu zinacheza.

Zinacheza, zaidi ya watu wanavyodhani. Tangu Valve walipotoa Proton mwaka 2018, na Steam Deck mwaka 2022, gemu nyingi za Windows zinafunguka kwenye Linux bila ufundi wowote. CS2, Dota 2 na Euro Truck Simulator 2 zina matoleo yake kabisa. Bazzite na Linux Mint ni mahali pazuri pa kuanzia, na tovuti ya ProtonDB itakuambia hali ya gemu moja moja.

Kikwazo ni zile zenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu. Valorant, Fortnite, Call of Duty na EA Sports FC hazichezi. Kwa mji ambao kila kijana ana kontrola kwa ajili ya FC, jibu hilo linatosha kwa wengi.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS?

Ubao unaweza kufa. Laptopu ina afadhali kuliko kompyuta ya mezani kwa kuwa ina betri, lakini kama betri imechoka na mashine inazima ukichomoa chaja, usisasishe BIOS bila UPS. Chaji ifike zaidi ya nusu, chaja iwe imechomekwa, na usifanye siku ambayo umeme umekuwa ukienda na kurudi.

Chaja yenyewe nayo ni kipuri. Mashine za gemu hutumia za wati 135, 180, 230 au zaidi, na mitumba mingi huuzwa na chaja ya kubahatisha. Ikiwa dhaifu, betri inashuka huku unacheza, na baadhi ya mashine zisipoitambua chaja hujishusha kasi makusudi. Soma wati zilizoandikwa nyuma yake kabla ya kulaumu kingine.

Nikigusa chuma cha laptopu naona kama inanipiga shoti ndogo.

Soketi yako haina waya wa ardhi, au unatumia ekstensheni ya pini mbili. Si kosa la laptopu. Mwite fundi umeme.

Betri imevimba, tachpedi imeinuka.

Acha kuitumia leo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi. Itolewe, na mashine nyingi zinaweza kuendeshwa kwa chaja wakati unatafuta nyingine.

Ni lini niache kuweka pesa kwenye mashine hii?

Pale kipimo cha swali la kwanza kinaposema GPU. Kama una SSD, una GB 16, kipozeo ni safi, na bado gemu unayoitaka haifiki fremu 30 kwenye ubora wa chini, hakuna kipuri kilichobaki cha kununua. Kabla ya hapo, hesabu yangu ni hii: jumla ya vipuri ikikaribia nusu ya bei ambayo mashine ingeuzwa leo, simama.

RAM na SSD unaweza kuhama navyo kama mashine mpya inavikubali. DDR4 haitakusaidia kwenye mashine ya DDR5, ila NVMe itakwenda nawe karibu popote. Ukiiuza hii ya zamani, rudisha diski yake ya awali ndani, piga Windows safi, toa akaunti yako ya Microsoft kwenye orodha ya vifaa, na umwonyeshe mnunuzi ikiwaka na gemu moja ikicheza. Usisahau kumpa chaja yake halisi.